Hakuna Anayelala Kwenye Chupa

Chupa yenyewe ilikuwa ya siagi ya karanga. Binti yangu aliileta kutoka mjini ikiwa imejaa, watoto wakaimaliza kwa vidole, nami nikaiosha na kutoboa kifuniko chake kwa msumari wa moto. Tangu hapo ikawa darasa letu.

Tunaishi Marangu, kwenye kihamba ambacho mume wangu alirithi kwa baba yake. Migomba iko juu, kahawa chini yake, na ng'ombe wawili bandani. Nikiwa msichana nilisoma chuo cha Biblia, kisha nikafundisha shule ya Jumapili usharikani kwetu kwa miaka mingi. Nilipostaafu nilidhani nimemalizana na watoto wadogo. Mungu hakuwa na mpango huo. Alinipa mjukuu wa kike, angali anajifunza kutembea, kwa sababu mama yake, huyo binti yangu, alikuwa amepata kazi katika duka la dawa mjini Moshi. Alipanga chumba mtaa wa Soweto huko huko mjini, akawa anaingia zamu za usiku, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Baadaye wakaongezeka mapacha wa jirani, wavulana wa umri wake, ambao mama yao hushuka Himo siku za soko kuuza ndizi. "Bibi, nikuachie hawa mpaka jioni," alikuwa akisema, na kabla sijajibu walikuwa wamekwisha kuingia jikoni.

Sikupanga kuwafundisha kwa wadudu. Wadudu walikuja wenyewe. Asubuhi moja tulikuwa tukisali barazani, watoto wamefumba macho, mimi naomba kwa urefu kama nilivyozoea. Pacha mmoja akanivuta kanga.

"Bibi. Huyu naye anaomba."

Juu ya meza alikuwa ametua vunjajungu, wa kijani kibichi, amekunja mikono yake miwili mbele ya kifua kama mzee wa kanisa. Nikasitisha sala. Tulimtazama sote wanne, naye akageuza kichwa akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine. Mjukuu wangu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akilia hata akipandwa na sisimizi, alisogea karibu mpaka pua yake ikakaribia kumgusa.

"Anaomba nini?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Muulize mwenyewe."

"Hasemi."

"Basi anamalizia. Mngoje."

Siku hiyo nilimtia kwenye chupa ili tumwone vizuri, tukahesabu miguu yake, tukaichora kwa mkaa sakafuni. Jioni mjukuu wangu alitaka kulala naye. Nikamwambia huyu ni mgeni wetu na ana kwao, na huko kwao wanamngoja. Tulikwenda wote hadi kwenye mti wa kahawa tuliodhani ametoka, tukafungua kifuniko, nikasema, "Asante kwa kututembelea. Nenda kwenu salama." Watoto wakarudia. Hiyo ikawa sheria yetu. Kila mdudu tuliyemwokota tulimtazama, tukamshukuru, tukamrudisha pale pale kabla jua halijazama. Tuwe tumemaliza kumtazama au hatujamaliza, hakuna anayelala kwenye chupa.

Masomo yalikwenda kwa namna hiyo. Punje za kahawa kavu zilikuwa migongo ya mende wadogo, na miguu tuliibandika ya vijiti vya majani kwa uji mzito. Majani makavu ya mgomba yalikuwa mabawa ya vipepeo. Kwenye ungo tuliwapanga wadudu wetu wa kahawa toka mdogo hadi mkubwa, kisha toka mkubwa hadi mdogo, mpaka kuku akaja akavuruga darasa. Waliokuwa na miguu sita waliitwa wa ukoo. Siku tulipomhesabu buibui, mjukuu wangu alirudia mara mbili, akaisukuma chupa na kutangaza, "Nane. Huyu si wa ukoo. Lakini apewe chai." Herufi tuliziandika kwenye majivu. K ya kipepeo, N ya nyuki, P ya panzi. Pacha mdogo, yule aliyezaliwa wa pili na ambaye hupenda kusahihisha watu, aliuliza kwa nini hakuna herufi ya babu. Nikamwambia babu si mdudu. Akafikiri. "Lakini anatembea polepole kama kiwavi." Babu alikuwa nyuma yake na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

Mvua za vuli zilipoanza, binti yangu alipiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, wamenibadilishia zamu, sasa naingia mchana tu. Krismasi nikija nataka nimchukue mtoto, Januari aanze chekechea huku."

"Hata huku anasoma."

"Anasoma nini, mama? Kila nikipiga video ananionyesha mdudu."

"Bado mdogo. Niachie mwaka mmoja tu."

Nilisikia pikipiki zikipita upande wake. "Nitakuja tuone, mama," akasema.

Neno hilo "tuone" nililikamata kwa mikono miwili. Nilijiambia kwamba mama yake akikuta mtoto anahesabu na kujua herufi, hataona haja ya kumwondoa. Nikaongeza masomo. Nilimwomba Mungu kila alfajiri, nikikama ng'ombe, kwamba kama ni mapenzi yake aniachie huyu mtoto. Kusema kweli hilo neno "kama" nililisema haraka haraka.

Krismasi huku kwetu ni kurudi nyumbani. Walioko Dar, Arusha na kwingineko wote hupanda mlima, na barabara ya kutoka Himo hujaa magari yenye magodoro juu. Mzee wangu alikuwa na hamu yake mwenyewe. Alitaka binti yetu akute mishare, zile ndizi za kupika, imenona kwa ajili ya supu ya mtori, lakini fukusi walikuwa wameingia kwenye migomba. Dawa yake ni ile ya baba yake. Hukata shina la mgomba uliokwisha kuzaa, akalipasua katikati na kulilaza kifudifudi chini ya migomba mingine. Fukusi huvutwa na ule utomvu, hujikusanya chini yake, naye baada ya siku chache hufunua na kuwaokota kwenye kopo, kisha huwamwagia maji ya moto. Asubuhi hiyo alikuwa ameokota kopo zima. Akaliweka penye kizingiti cha jiko, akaenda kumsaidia jirani kuchinja, maji yakiwa bado hayajachemka.

Mimi nilikuwa nafua. Nilisikia watoto wakiimba, na nyimbo zao zikawa zinapungua sauti kadiri walivyosogea kihambani. Sikushuku kitu. Baadaye nikasikia sauti ya mzee, ambaye kwa kawaida hapazi sauti.

"Nani amechukua kopo langu?"

Mjukuu wangu alitoka kwenye migomba, kopo tupu mkononi, magoti yamejaa udongo, uso unang'aa. Mapacha walikuwa nyuma yake.

"Babu, tumewarudisha kwao! Wote! Tumesema na asante."

"Mmewarudisha wapi?"

"Kwenye migomba. Kila mmoja na mgomba wake, wasigombane."

Mzee aliketi juu ya gogo. Alishika kichwa. "Nina watoto saba," akasema, "mpaka leo nimeshindwa kuwapa wote vihamba. Huyu kwa asubuhi moja amewapimia fukusi wote!"

"Na wengine tumewapa kwetu," akasema pacha mkubwa, akionyesha migomba ya mama yake.

"Basi na jirani keshanunuliwa balaa."

Hapo ndipo binti yangu alipoingia, siku mbili kabla hatujamtarajia, begi begani na mfuko wa mikate mkononi. Alitukuta hivyo: baba yake kashika kichwa, mama yake kalowa povu la sabuni, mwanawe kapakaa udongo.

"Shikamooni. Kuna msiba?"

"Marahaba. Muulize mwalimu," mzee akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Nilimweleza. Binti yangu hakucheka. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Ndiyo masomo haya, mama?"

Mtoto alikuwa ameanza kuelewa kwamba kuna jambo baya. Nilimwita kando, nikamweleza kwamba fukusi hula mgomba kutoka ndani mpaka ukaanguka, na kwamba babu hakuwa amewaalika. "Sasa nifanye nini?" akauliza. Nikamwambia kwetu mtu aliyekosea hukata jani la isale pale kwenye mpaka wa kihamba, akampelekea aliyemkosea, na aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

Alikwenda. Alikawia. Aliporudi alikuwa anaburuta shina zima la isale na mizizi yake, linamzidi urefu, mapacha wakimsukumia kwa nyuma.

Mzee wangu alilitazama shina, akatazama pengo kwenye ua wake. "Mjukuu wangu, jani moja linatosha. Hili ni la mtu aliyechoma kijiji."

"Fukusi walikuwa wengi, babu."

Basi akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho, akampakata na udongo wake wote. Na hapo ndipo binti yangu naye alipocheka. Mchana ule tulikata mashina mapya, wote, hata binti yangu akiwa na nguo zake za mjini, tukayalaza upya chini ya migomba. Mtoto alimwonyesha mama yake namna ya kuyalaza. Alimhesabia mitego bila kuruka namba hata moja, na alipofika mwisho aliandika M kwenye udongo. "M ya mama," akasema. "Na ya mgomba, lakini leo ni ya mama." Niliona, nikashukuru moyoni. Nilidhani nimejibiwa.

Kesho yake tulikaa jikoni, mimi na binti yangu, tukimenya mishare ya mtori. Mikono yetu ilikuwa imeshikwa na utomvu. Nikamwambia, "Umeona anavyohesabu."

"Nimeona, mama. Mbona hata mimi hukunifundisha vizuri hivyo."

"Sasa chekechea ya nini?"

Alimenya ndizi mbili. Kisha akasema, "Mama, sijasema hufundishi. Nikitoka kazini nafungua mlango, nawasha taa, nasikia jokofu la jirani. Nimenunua kitanda chake kidogo. Kina mwezi sasa, naweka nguo juu yake kisionekane kitupu."

Wakati wote nilikuwa nikiomba juu ya herufi na namba, na yeye alikuwa na haja nyingine kabisa, ambayo sikuiweka katika maombi yangu hata siku moja. Niliosha mikono kwa mafuta ya kupikia ili utomvu utoke. Nikamwambia, "Umpeleke na kanga yangu ile ya kijani, huwa analala nayo." Binti yangu akainamisha kichwa juu ya beseni.

Waliondoka baada ya mwaka mpya, alasiri, ili wafike mjini kabla ya giza. Mapacha walikuja. Mzee alifunga mkungu wa mshare kwenye buti la gari la kukodi. Mtoto alisimama getini, pale penye pengo la isale, kanga ya kijani mabegani, akaniuliza:

"Bibi, mimi kwetu ni wapi?"

Mama yake alikuwa karibu, akasikia, akageuka kama anatafuta kitu ndani ya gari. Nilijua ningeweza kusema ni hapa, na isingekuwa uongo.

"Kwenu ni kwa mama yako," nikamwambia.

"Amekuja kunirudisha kwetu?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. Akasimama mbele yangu, amekunja mikono kifuani kama yule vunjajungu, akangoja. Nilidhani anataka kukumbatiwa, nikainama. Akajitoa kidogo. "Bado, Bibi. Sema maneno."

Nikayasema. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, nimesoma neno mbele ya usharika mzima, wala sauti haijawahi kunisumbua kama siku hiyo. "Asante kwa kututembelea," nikasema. "Nenda kwenu salama." Mapacha wakarudia, kwa sauti kubwa, kama tulivyozoea. Ndipo akanikumbatia.

Gari liliposhuka na kupotea kwenye kona ya kahawa, pacha mdogo alibaki ameshika mkono wangu. Alikuwa amekunja uso, anatafuta kosa la kusahihisha.

"Bibi, kwani tulikuwa tumemaliza kumtazama?"

"Hatukumaliza," nikamwambia.

Alinitazama, akaangalia jua juu ya migomba. Halafu akaingia ndani, akatoka na ile chupa, na kifuniko mkononi, kwa sababu mzee alikuwa amesema kwamba mitego iko tayari kufunuliwa, na safari hii tulikuwa tumekubaliana na babu kwamba atatuazima fukusi mmoja, wa kuhesabiwa miguu tu.