Delu Hakodi Sindano

Mafundi wa darizi wa Kofar Wambai, soko la mjini Kano, wanaogopa ulimi wa Delu Gambo kuliko wanavyoogopa watoza kodi, na yule bwana aliyekuja kumtisha hakuwa amedokezwa. Aliingia dukani katikati ya Ramadhani, saa ambayo mate yamekauka na subira imekauka pamoja nayo. Alivaa suti, akabeba mkoba wa ngozi na salamu ndefu za watu wa Zaria.

"Hajiya, habari za saumu?"

"Hija sijaenda. Kama umeleta tiketi, nipe. Kama hukuleta, niite Delu."

Nyuma yake mashine ya vichwa sita ilikuwa inanguruma, ikidarizi majoho sita kwa mpigo. Mgeni alipandisha sauti ili asikike. Jina lake Munkaila, wakala wa kampuni inayowatafutia haki wenye programu za kompyuta. Alikuja kwa ajili ya ile programu ya kuchorea darizi: unachora ua au kisu kwenye kioo cha kompyuta, nayo inaielekeza mashine kila tundu la sindano. Uchochoro mzima uliitumia. Hakuna aliyewahi kuinunua kwa wenyewe. Iliingia na mafundi wa kompyuta kama kunguni anavyoingia na kitanda cha mtumba, na kumbe kila ilipoonja intaneti ilikuwa inawapigia simu wenyewe na kuwatajia ilipolala.

"Programu hii ina wenyewe, Delu."

"Kila kitu kina mwenyewe. Hata wewe, babu yangu alikununua kwa kibaba cha karanga, na risiti tunayo."

Kano na Zaria ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo Munkaila hakuwa na ruhusa ya kununa. Alicheka, tena kwa moyo. Halafu akafungua mkoba.

"Na nyinyi tuliwaachia kwa hasara, maana mlikuwa mnakula sana. Sasa, mtani wangu, utani umekwisha. Karatasi haijui utani."

Karatasi ilitaka mambo matatu. Delu akiri kwa maandishi kwamba ameiba. Alipie miaka aliyoitumia programu bure. Na kuanzia hapo alipe kila mwaka, madhali yuko hai na anashona. Akikataa ni mahakamani, na mashine itapigwa lakiri kabla ya Idi.

Kichwa cha jirani, Tasi'u, kikachungulia mlangoni. Ni fundi mzuri, ila moyo wake mwepesi kama pamba ya mto. "Saini, dada," alinong'ona. "Mimi nimeshasaini. Bora mfuko uumie kuliko kufuturu rumande."

"Wewe hata ukiambiwa usaini cheti chako cha kifo utauliza wapi," alisema Delu. Akamgeukia Munkaila. "Mwaka nikikosa kulipa?"

"Inajifunga yenyewe."

"Na michoro yangu iliyomo ndani?"

"Inabaki humo. Ukilipa, inafunguka."

Delu alinyoosha mkono, akaizima mashine. Uchochoro ukapoa ghafla, mafundi wa jirani wakainua vichwa.

Hapo lazima mjue hiyo michoro ilitoka wapi. Delu alijifunza sindano akiwa mke wa ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, akidarizi kofia kwa mkono huku watoto wakizipeleka sokoni. Mtindo wa visu vinane, ule unaoshuka kifuani mwa joho kubwa la Idi, aliuchora mara ya kwanza kwa mkaa sakafuni, mama mkwe akapiga kelele kuwa anachafua nyumba. Ndoa ilipovunjika alirudi kwao na mali ya bibi harusi wa Kano: mabakuli ya maua yaliyopangwa mpaka darini, ambayo hayajawahi kupakuliwa hata wali. Aliyauza yote, kuanzia la juu mpaka la chini, akanunua mashine. Mama yake alilia, "Mwanamke bila mabakuli, watu watasema nini?" Delu akamjibu, "Watasema, lakini watakuja kushona." Wakasema. Wakaja kushona. Na kila kisu, kila ua, kila kona aliyoibuni tangu siku ya mkaa, aliiingiza katika ile kompyuta.

"Yaani," alisema polepole, "mimi nimekuibia wewe kwa siri, na wewe unataka kuniibia mimi kwa risiti."

"Hiyo ndiyo sheria, Delu."

"Haya, andika. Mimi Delu binti Gambo nimetumia mali ya mtu bila ruhusa yake. Nimefunga, siwezi kukudanganya. Umeandika? Sasa andika na hili: sindano yangu siikodi. Siwezi kuwa mpangaji ndani ya mkono wangu."

"Idi hiyo inabisha hodi. Bila programu utashona na nini?"

"Nani kakuuliza?"

Akaketi mbele ya kompyuta, akaifuta ile programu. Aliifuta mbele ya macho ya Munkaila, na kompyuta ilipouliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo kwa kidole kile kile anachowatishia wateja wakorofi. Tasi'u alishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyepokea habari za msiba.

"La jana nipeleke mahakamani," alisema Delu. "La kesho huna."

Munkaila alitoka akisema atarudi. Alisema kwa upole, na upole wa mwenye mkoba unatisha kuliko ukali wake.

Sasa, ushujaa ni mtamu watu wakiwa wanatazama. Walipoondoka, Delu alifunga mlango, akaketi juu ya furushi la vitambaa, akaanza kuhesabu kazi za Idi. Majoho ya watu yalimzunguka yakiwa hayana kitu kifuani. Kila mteja ana kifua chake. Hata michoro ya zamani iliyobaki kwenye flashi isingewatosha bila kupimwa upya, na programu ya kuipimia imefutwa. Usiku wa Idi wateja wale wangekuja mlangoni, na kuliko mteja wa Idi, heri wakala.

Akampigia simu mtu ambaye hakupenda kumpigia. Garzali, mtalaka wake, fundi wa kompyuta soko la simu, ndiye aliyemtilia ile programu ya wizi, tena alimtoza.

"Bibi harusi!" alisema Garzali.

"Funga domo. Wamekuja wenye programu yako."

"Yangu tena? Siku zote ilikuwa yako."

"Nimeifuta. Nataka nyingine. Isiwe ya wizi."

 Garzali akasema, kama mtu anayetaja jina la jirani, "Ipo ya bure."

"Bure ya nani? Bure yako naijua."

"Bure ya kweli. Wenyewe wameandika: chukua, fanyia biashara, nakili, mpe mwenzako, hata ipasue tumbo uitengeneze upendavyo. Na mchoro wako ni wako, unatoka nao siku yoyote. Ipo miaka mingi."

"Miaka mingi! Na hukuniambia?"

"Delu, kuwa na huruma. Kitu cha bure nitakiuzaje? Soko zima tunaijua na soko zima tumenyamaza. Programu ya wizi nilikuwa nawauzia kila ikiharibika. Hii nikiwapa mara moja, mwenzako nitakula wapi?"

Matusi aliyomwagiwa hapo hayaandikiki, na hasa katika mwezi mtukufu. Yalipokwisha, Delu aliuliza, "Na hao walioitengeneza wanapata nini?"

"Wengine wanalipwa na kazi zao nyingine. Wengine wanapenda tu. Mbona wewe ulikuwa unawafundisha wanawake wenzako kofia bure?"

"Njoo nayo kabla ya futari. Na usije na njaa, hapa si kwako."

Alikuja, tena na njaa, na akala uji na vitumbua vya kunde vya watoto. Lakini programu aliitia.

Kama mnadhani vya bure ni vya raha, muulizeni Delu. Programu ile haikuwa na huruma. Kitufe alichokizoea kulia kilikuwa kushoto, na vingine havikuwepo kabisa. Uzi ulijikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Sindano zikavunjika. Michoro ya flashi haikufunguka humo, ikabidi aianze upya, kisu kwa kisu, akikumbuka kwa vidole kile ambacho siku zote alikuwa akiiachia kompyuta ikikumbuke. Aliapa kuiacha, akaapa tena kuwa hakuapa.

Joho la kwanza kutoka lilikuwa la Alhaji Tanimu, mfanyabiashara wa ngozi. Lilitoka zuri, limenyooka, visu vyote vinane mahali pake. Isipokuwa mahali penyewe palikuwa kifua cha kulia. Delu aligeuza mchoro na hakujua kuwa ameugeuza. Tangu Kano iwe Kano, darizi kubwa hukaa kushoto. Ukiivaa kulia, hata mbuzi watakusimamisha njiani.

Tasi'u alilitazama mpaka machozi yakamtoka. "Dada! Umemshonea Alhaji aliyeko kwenye kioo!"

"Cheka."

"Hiyo ndiyo bure yako? Mimi nimelipa, visu vyangu vinajua kushoto."

"Kosa hili ni langu mwenyewe, sikulikodi kwa mtu." Akalichukua lile joho, akalitundika nje juu ya mlango, lionwe na kila mpita njia. Mtu mwingine angelificha chini ya godoro. Kisha akanunua kitambaa kingine, akaanza tena, na safari hii visu vikaenda kushoto.

Alhaji Tanimu alipokuja kuchukua, alipapasa kifua cha joho kwa kidole kilichozoea ngozi ghali. "Delu, ncha za visu hivi mwaka huu ni butu."

"Alhaji, unakwenda kuswali. Huendi kuchinja."

Alicheka, akalivaa pale pale. Baada yake wakaja wengine, na ncha za visu zikawa kali joho baada ya joho, kwa sababu Delu alikuwa anajifunza. Mashine iliimba mpaka jenereta likakohoa.

Habari za sokoni hazina breki. Siku ya kuamkia Idi, mafundi walianza kupita dukani mmoja mmoja, kila mmoja kwa kisingizio chake: mkasi, uzi, salamu. Kisha kila mmoja alishusha sauti: "Kile kitu cha Garzali... unaweza kunigawia? Mtu asijue." Wamenakili vitu gizani miaka yote, na midomo ilikuwa imezoea kunong'ona.

Delu alichoka. Alitoa mkeka na kompyuta, akaviweka nje ya mlango, juani, chini ya joho la kifua cha kulia. "Anayetaka aje hapa!" alipaza sauti. "Atakayenong'ona simpi!"

Foleni ikajipanga na flashi mikononi kama watu wa bombani na ndoo. Munkaila alipofika na vijana wawili na lakiri yake, alisimama, akakunja uso.

"Mnanakili programu mchana kweupe?"

"Kweupe kabisa. Na wewe ukitaka, mtani, wa mwisho yule pale, jipange."

"Nani amewapa ruhusa?"

"Mwenyewe." Delu aligeuza kompyuta, akamwonyesha maneno ya leseni. Munkaila aliinama akasoma, jua likimpiga kisogoni, foleni nzima ikimsubiri. Alisoma mara ya pili. Vijana wake waliangalia viatu vyao.

"La jana lipo pale pale," alisema hatimaye, akatoa wito wa mahakama. "Nilikuambia nitarudi."

"Lipo. Lete kalamu." Delu aliupokea, akasaini kuwa ameupokea, herufi kubwa kama za kwenye kibao cha duka. "Nitakuja, nitasema niliiba, na watakachoamua nitakibeba. Mashine je, unaipiga lakiri?"

Munkaila aliitazama mashine. Ilikuwa inashona. Hapakuwa na kitu chake ndani yake. "Idi njema, Delu," alisema.

"Na wewe pia. Wasalimie watumwa wetu Zaria."

Zamu ilimfikia Tasi'u, yule yule aliyesaini karatasi. Hakumtazama mtu. Alipopewa flashi yake, mkono ulifanya ulichokizoea: uliinua kofia, ukaificha chini yake, akaanza kuondoka haraka haraka akipita ukutani.

"Tasi'u!"

Aliganda. Delu alimfuata, akamvua kofia mbele ya Munkaila, mbele ya foleni, kipara kikang'aa. Akaitoa flashi, akamrudishia mkononi, akamkunja vidole juu yake.

"Ibebe kama mkate," alisema. "Hujamwibia mtu."

Tasi'u aliishika sawasawa. Kisha akapita katikati ya uchochoro, kichwa wazi, mkono mbele, mbele kabisa ya yule mwenye mkoba.