Tulivyomposa Maman wa Flagey

Ukuta wa sebule ya Maman ulijaa wanaume waliokufa. Walipangwa kuanzia mlangoni hadi dirisha linalotazama uwanja wa Flagey hapa Brussels, kila mmoja na pua ileile, na mimi ndiye niliyewafuta vumbi. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Bukavu, nimeshapata karatasi za ukaaji, na kazi yangu ilikuwa kumtunza mama huyo na kulala kwenye chumba cha nyuma. Nilimwita Maman kama tunavyowaita kina mama wote wa umri wake. Alikuwa Mswisi, mjane wa Mbelgiji, hakujaliwa mtoto, na miguu yake ilikuwa imegoma.

Ukoo wake ulikuwa wa wale wakubwa wa Bern waliotawala mji karne kwa karne, wakirithishana viti vya baraza la mji kama kwetu watu wanavyorithishana sufuria. Msinishutumu kwa kukosa adabu. Mwenyewe aliwasema vibaya kuliko mimi.

“Huyo wa kwanza alikuwa anatengeneza ngozi,” aliniambia siku moja nikiwa juu ya kiti na kitambaa mkononi. “Alinuka. Akaoa mjane tajiri, akaingia barazani, na mwanawe akaisahau ile harufu.”

Wa pili, mwenye vazi la chuma, aliuza vijana. Nilidhani sikusikia vizuri, kumbe nilisikia. Alikusanya watoto wa wakulima milimani, akawapeleka kumpigania mfalme wa Ufaransa, akalipwa kwa kila kichwa. Nikauliza kama yeye naye aliwahi kupigana. Maman akasema alikwenda mara moja, akaanguka kutoka kwenye farasi, akarudi nyumbani kuchorwa picha. Yule wa nywele za bandia alitumwa kutawala wilaya ya watu wanaosema Kifaransa, akawatawala mpaka uzee bila kujifunza hata kuwasalimia. Kisha askari wa Ufaransa wakaingia Bern na kubeba hazina ya mji, na mke wa mkubwa wa wakati huo akaficha vijiko na uma za fedha ndani ya mbolea ya ng'ombe. Uma hizo zilikuwa kwenye kabati letu. Mimi nilikula kwa kijiko changu nilichonunua mwenyewe.

Aliyefuata, akiwa hana tena nchi ya kutawala, alikusanya vipepeo. Nikamwambia Maman kwamba wakubwa wa kwetu wakinyang'anywa nchi hukusanya nyumba za Ulaya, kwa hiyo huyu wake alikuwa na nafuu. Wa mwisho, karibu na dirisha, alikuwa baba yake mzazi, aliyehamia Brussels na kuweka mali yake kwenye migodi ya Kongo.

“Basi, Maman, sisi tunajuana tangu zamani,” nikasema.

Alicheka hadi nikamletea maji.

Nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kuna watu wanaodhani tunaofanya kazi hii tunapenda mshahara tu. Mama yangu alifariki Bukavu wakati wa vita, mimi niko huku, sina njia ya kurudi. Majirani walimwosha, na hadi leo sijui ni akina nani. Kila asubuhi nilipokuwa nasugua mgongo wa Maman, mwembamba na wenye madoa, nilimkumbuka mama yangu, na ile hasira yangu ilitulia kidogo.

Kisha mtoto wa kaka yake akapiga simu kutoka Bern. Ndiye pekee aliyebaki kwenye ukoo, naye ameshapita miaka sitini, hana mke wala mtoto. Alisema anakuja Jumapili kupanga safari: shangazi atahamia nyumba ya wazee ya huko kwao, ambako wanawake wa koo kubwa humalizia siku zao. Maman alirudisha simu mahali pake na hakugusa chakula.

“Sitaki kufa katikati ya watu wanaomjua babu yangu,” alisema. “Nataka kufia hapa.”

Nilipanda basi hadi Evere, pembezoni mwa Brussels, kwa tonton. Si mjomba wangu wa damu, ni tonton wa heshima, mjane, ambaye siku za kazi alifanya kazi ghalani na siku za mapumziko aliozesha watu. Kijana wa kwetu Kivu akitaka mke mjini Brussels, tonton ndiye msemaji wake. Nilimweleza kwamba kuna ukoo unataka kumchukua mzee wao, nasi tunataka watuachie.

“Mukubwa wa ukoo ni nani?” akauliza.

“Yule mtoto wa kaka yake.”

“Bon. Tunaenda kumuomba. Lakini muko mikono mitupu? Mukono mutupu haulambwe!”

Jumapili wakafika. Tonton alivaa tai. Nyuma yake walikuwa mamans wawili wa kanisani, wamevaa vitenge sare, wamebeba kreti la bia, blanketi jipya, kitenge cha Maman na kuku wawili walionunuliwa asubuhi hiyo kwenye soko la Gare du Midi. Inatakiwa mbuzi, lakini mbuzi hapandi tramu. Mgeni wa Bern alikuwa ameshakaa, mrefu, mkavu, na ile pua ya ukutani iko usoni.

Tonton alisimama. Sasa, ni lazima mwelewe kwamba alikuwa na hotuba moja tu maishani mwake, nayo aliisema kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya ukoo hayasemwi kwa Kifaransa.

“Papa, sisi tuko batu ba Kivu. Tulikuwa tunapita mu njia, tukaona maua muzuri mu nyumba yenu. Donc tulikuya kuomba hiyo maua.”

Nikatafsiri kama ilivyo. Nimehudhuria posa nyingi mno, sikusikia kosa lolote.

Yule bwana alimtazama tonton, akatazama tai, bia, blanketi, kisha akamgeukia shangazi yake. Akawa mwekundu hadi masikioni.

“Bwana,” alisema, “shangazi yangu ana miaka themanini na minne.”

Nikatafsiri. Tonton akatabasamu kwa upole. “Alors? Hakuna neno. Sisi hatuangaliake miaka.”

Maman alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakitetemeka. Mtoto wa kaka yake akasimama. Akasema ukoo wao hauoleki hivihivi, na akaanza kuuhesabu: mfanyabiashara wa ngozi, wajumbe wa baraza, makamanda wa mfalme. Alidhani anatufukuza. Kumbe kwetu upande wa binti ndivyo unavyopaswa kufanya, na tonton alikuwa amefurahi kupita kiasi. Kila babu alipotajwa, mamans waliitikia “Eeeh!” na kupiga makofi. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo tangu azaliwe, maana sauti yake ilianza kupata joto. Alikwenda ukutani na kutuonyesha mmoja mmoja, hadi vipepeo, na Maman akimsahihisha kutoka kwenye kiti: “Alinuka! Waambie alinuka!”

Tonton naye akajibu kwa ukoo wake: babu wa babu aliyefukuzwa kutoka kilima hiki hadi kile, babu aliyefundisha katekisimu, baba aliyelima kahawa ya Wabelgiji, “na miye, niko Evere.” Mgeni aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akauliza taratibu tonton na shangazi yake wangeishi wapi baada ya ndoa.

“Ndoa ya nani?” tonton akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ikabidi niseme mwenyewe kwa Kifaransa. Hakuna anayeoa. Tunaomba Maman abaki hapa. Nitamtunza, mamans hawa watanipokea zamu siku zangu za mapumziko, na siku ya msiba tutakuita na tutakaa nawe matangani.

Hakucheka. Alikaa chini akasema, “Kwa karne tano hakuna mtu wetu aliyeachwa mikononi mwa wageni.”

Damu ikanipanda. “Tangu lini mgeni akakuogesha kila asubuhi?” nikasema. “Wewe unaujua mgongo wake?” Nilijua naweza kupoteza kazi kwa maneno hayo, na sikuyarudisha.

Tonton akainua mkono kututuliza. Kwetu, mazungumzo yakifika mwisho, mwanamke mwenyewe huitwa na kupewa chupa. Akimpelekea mkubwa wa ukoo wake na huyo akanywa, amekubali, na ukoo umekubali. Asipoipeleka, wageni hubeba vitu vyao na kwenda. Niliyatafsiri yote hayo polepole, nisije nikamtega mtu. Tonton akafungua bia moja, akampa Maman.

“Nisimamisheni,” Maman akasema.

Mamans walimshika mikono, mimi nikamshika kiuno. Alipita chini ya wanaume wake wote akiburuta miguu, bia ikimwagika kwenye zulia, akaiweka chupa mkononi mwa mtoto wa kaka yake.

“Kunywa, kijana wangu. Katika ukoo wetu hii ndiyo mara ya kwanza mwanamke kuulizwa.”

Akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja. Kisha akanywa. Vigelegele vilivyopigwa vilimtoa jirani wa juu nje.

“Hukumupoteza,” tonton alimwambia tulipokuwa tunakula kuku. “Akigonjwa, tunakuita, na wewe unapashwa kukuya. Sasa uko mukwe wetu.” Aliitikia kwa kichwa kwa utiifu, na mafuta kwenye kidevu.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza hadi mlangoni, nikamshikia koti. Alichelewa kuingiza mkono wa pili.

“Na mimi, madame,” aliuliza kwa sauti ya chini. “Siku miguu yangu ikigoma, mtakwenda kumwomba nani?”

Nilifungua mdomo niseme la mzaha, kwa maana mzaha sikosi. Badala yake nikamwongoza mkono wa pili ndani ya koti, nikamfunga vifungo hadi shingoni.