Macho ya Ndama

Juzi, sokoni Masisi, nilisikia mwanamke akimsifu mtoto mchanga: "Ona macho! Iko kubwa kama ya ndama." Nikamwomba mama wa mtoto anionyeshe. Machozi yalimtiririka mtoto bila kulia, naye aliukimbia mwanga. Nikamwambia mama kwa upole ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Bado kulikuwa na nafasi ya kuyaokoa macho.

Ngoja nikueleze.

Enzi za Wabelgiji tulikuwa wafugaji, huku juu kwenye malisho, na kwetu jicho kubwa lilishinda uzuri wote. Ng'ombe alisifiwa macho, bibi arusi vilevile. Mdogo wangu alipozaliwa na macho makubwa meusi, wanawake wa bondeni waliokuja kununua maziwa walisahau vibuyu vyao. Nilikuwa na miaka minane. Kazi yangu ilikuwa kumbeba mgongoni.

"Dada, fungua uso yake tuone!"

Nami nilimfunua, nikamgeuza kwenye jua ili macho yang'ae. Alijikunja, akauficha uso shingoni mwangu, akalia mpaka sauti ikakauka. Walicheka: "Huyu mutoto iko na kiburi, anajua uzuri yake!" Kisha walinipa ndizi mbivu. Nilijua jua linamuumiza. Nilipenda ndizi.

Ukungu uliposhuka tu, ndipo alipofumbua macho na kutulia. Bibi alimdondoshea machoni maziwa ya vuguvugu kutoka kwenye chuchu ya ng'ombe, dawa ya macho aliyoijua. Macho yalizidi kukua. Weusi ukawa kijivu, kana kwamba moshi umeingia ndani.

Tulitembea siku mbili hadi zahanati. Mwuguzi alituchorea jicho chini kwa kijiti: maji ya ndani yamekosa njia ya kutoka, na kwa kuwa jicho la mtoto bado ni laini, linavimba. Si jua lililompofusha. Alizaliwa na ugonjwa huo, umo katika damu ya ukoo.

"Mungemuleta mapema," alisema.

"Papa," Mama akamjibu mwuguzi, "watu wote walikuwa wanatusifu."

Mdogo wangu alipofika miaka minne, akiwa gizani kabisa, aliniuliza: "Dada, macho yangu ingali kubwa?"

"Inapita ya wote."

Alifurahi. Tangu hapo, akisikia hatua za wanunuzi, alisogea mlangoni, akainua uso, akangoja. Walimpita, wakaenda kwenye maziwa.

Malisho yale leo ni mashamba, vibuyu vimekuwa bidoni za plastiki, wanawake wale wamezikwa. Nimebaki mimi tu ninayejua kwamba alingoja.