Ndege Iliyolia Vibaya

Baba alikuwa na kibanda Kenyatta Market, upande wa saluni, mbali kidogo na moshi wa nyama choma. Alitengeneza draya, zile mashine zenye kofia kubwa ya plastiki ambazo akina mama hukaa chini yake kukausha nywele huku wakisoma magazeti ya mwaka juzi. Alitengeneza pia zile za mkononi, na pasi za umeme, na redio ikiwa mwenyewe ni mtu anayemfahamu. Wasusi walimwita Fundi. Wachache sana walijua kwamba zamani alikuwa fundi wa injini za ndege za kivita.

Mimi nilijua, ingawa sikumbuki chochote cha siku hizo. Nilikuwa na miaka miwili jeshi la anga lilipovunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la ile Agosti ambayo watu wa umri wake hawapendi kuizungumzia. Wakati mambo yale yakitokea yeye alikuwa likizoni kwa nyanya yangu, huko Kikuyu, akichimba choo. Alisikia habari redioni akiwa na matope mpaka magotini. Akaoga, akavaa sare, akarudi kambini kama alivyofundishwa, na akakamatwa langoni. Alikaa ndani miezi mingi, kisha akaachiliwa bila kesi, bila kazi na bila karatasi yoyote mkononi. Waliofanya na wasiofanya walitoka kwa mlango mmoja. Hayo niliambiwa na Mama. Baba mwenyewe hakuyasema.

Lakini ungeingia kibandani kwake ungejua huyu si fundi wa kawaida. Ukutani alikuwa na ubao mweupe, na juu yake amechora umbo la kila kifaa chake kwa rangi nyeusi: bisibisi hii hapa, koleo ile pale. Jioni kila kifaa kilirudi juu ya kivuli chake. Kivuli kimoja kikibaki kitupu, hakufunga kibanda mpaka kifaa kipatikane. Mara moja nilimngoja hadi giza likaingia kwa ajili ya spana ndogo kama kidole. Nilipomwambia tutaitafuta kesho, alinitazama kana kwamba nimesema neno baya. "Spana isiyoonekana," alisema, "iko ndani ya injini ya mtu."

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa nikifanya kazi Kilimani, katika ofisi ya wathamini wa nyumba, nikipiga chapa ripoti zao. Niliishi bado na wazazi wangu nyuma ya soko, katika nyumba ya vyumba viwili. Kila mwaka mwanzoni mwa Desemba ndege za jeshi zilipita juu yetu zikifanya mazoezi ya Siku ya Jamhuri. Sokoni kila mtu aliinua uso. Wachoma nyama walisimama na visu mkononi, watoto walipiga kelele, wateja walitoka saluni na vichwa vilivyosukwa nusu. Baba peke yake hakutazama juu. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza.

Mwaka mmoja niliomba ruhusa ya nusu siku nikaenda kusukwa, kwa sababu binamu yangu alikuwa akifunga ndoa. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa saluni, hatua chache kutoka kibanda cha Baba, ndege nne zilipopita. Zilipotea upande wa Ngong. Baba akaweka chini mota aliyokuwa ameishika, akaja kusimama mbele yangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia ndege, Baba."

"Ya tatu. Kuna mlio mwembamba juu ya mngurumo wake. Kama mtu anayepiga mluzi akiwa ameuma meno."

Msusi wangu aliendelea kusuka. Ndege zikarudi, chini zaidi safari hii, hata mabati yakatetemeka. Baba alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Hiyo ni beringi ya injini," alisema zilipokwisha kupita. "Imeanza kuliwa. Ikishika, injini inazima, na kijana aliye ndani hana hata dakika moja."

"Si wana mafundi wao?"

"Fundi yuko chini. Hii sauti hutoka ndege ikiwa angani, injini inavuta kwa nguvu zote. Chini haisikiki."

Jioni hiyo hakula. Alikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa, halafu akaniuliza kama kule ofisini ningeweza kumwandikia barua kwa mashine. Nilijaribu kumwambia kwamba hakuna atakayemsikiliza. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia nitaandika.

Asubuhi aliandamana nami hadi kazini. Alivaa suti yake ya kanisani na viatu alivyovipiga rangi mpaka unajiona. Alisimama nyuma ya kiti changu, mikono nyuma, akanisomea barua kutoka kichwani, kwa Kiingereza cha jeshi ambacho sikuwahi kumsikia akikisema nyumbani. Ilikuwa fupi. Ilisema ndege ya tatu katika mstari isiruke tena kabla ya injini yake kufunguliwa. Chini aliniambia niandike namba yake ya jeshi. Aliitaja bila kusita, tarakimu baada ya tarakimu, baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Saa ya chakula cha mchana tukatembea hadi kwenye lango la makao makuu ya jeshi, si mbali na ofisini kwetu. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa makamo, mpole. Aliisoma barua mara mbili.

"Mzee, wewe ulikuwa jeshini?"

"Fundi wa injini. Miaka saba."

"Ulistaafu lini?"

Baba alinyoosha koti lake. Askari akamtazama usoni, akahesabu miaka kichwani, na nadhani akaelewa, kwa sababu hakuuliza tena. Alichukua namba, akaingia kibandani mwake, akapiga simu. Tulimwona kupitia kioo akisikiliza kuliko anavyosema. Alipotoka alikuwa ameikunja barua vizuri.

"Wamesema asante. Barua ibaki hapa."

"Nani ataisoma?"

"Itasomwa, mzee."

"Leo?"

Wakati huohuo ndege zikatokea upande wa mjini, zote nne, mabawa yakimeta. Baba alimshika mkono. Niliogopa, maana mtu hamshiki askari hivyo, lakini yule hakujitoa.

"Sikia sasa. Hii moja, hii mbili. Hii. Umesikia?"

Askari alisikiliza kweli. Namkumbuka amegeuza sikio juu, kofia mkononi. Ndege zikaisha.

"Mimi nasikia ndege tu, mzee," alisema, kama anayeomba radhi. Kisha akanigeukia mimi. "Siste, mpeleke mzee nyumbani. Hii jua ni kali."

Siku zilizofuata Baba hakufungua kibanda. Alikaa nje ya nyumba kwenye kigoda, na kila ndege zilipopita aliinuka. Siku ya Jamhuri yenyewe majirani walikuwa ndani wakitazama gwaride kwenye televisheni. Yeye alisimama nje, amelishika bomba la tangi la maji. Mama alimpelekea kiti, hakukikalia. Zilipopita juu ya nyumba zetu nilimwona akihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne, na akabaki akitazama upande zilikoelekea muda mrefu baada ya mimi kuacha kuziona. Nilingoja mshindo. Nina hakika naye aliungoja. Hakukuwa na mshindo. Watoto walirudi kwenye mpira wao.

Aliingia ndani, akaketi, akafunika sikio lake la kulia kwa kiganja.

"Bado inalia," alisema.

"Zimeshatua, Baba. Wamesema kwenye televisheni."

"Najua zimetua. Bado naisikia."

Mama na mimi tulitazamana. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa jambo jingine.

Tulimpeleka kwa daktari wa masikio mjini Januari, baada ya kumbembeleza wiki tatu. Daktari alikuwa mama wa Kipwani, amejifunga mtandio wa kijani, na Kiswahili chake kilimfanya Baba akae wima kwa heshima. Alimwingiza katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akamvika visikizio, akampa kitufe.

"Mzee wangu, kila utakaposikia mlio, hata uwe mdogo vipi, bonyeza. Usikisie."

Mimi nilisimama nyuma ya daktari. Alipotoa mlio, taa ndogo iliwaka kwenye mashine yake. Milio mizito Baba aliisikia yote. Halafu ikaja ile myembamba. Taa iliwaka, Baba akakaa kimya, kidole kikingoja. Ikawaka tena, akakaa kimya. Kisha taa ikiwa imezimika kabisa, hakuna mlio wowote unaopigwa, nikamwona akibonyeza. Akabonyeza tena. Alikuwa makini kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Niligeuka nikatazama ukuta.

Alipotoka daktari alimketisha karibu naye. "Umepata kufanya kazi penye kelele nyingi?"

"Ndege. Jeshini."

"Na mlikuwa mkivaa vizibo vya masikio?"

"Tulipewa. Lakini ukivivaa, injini huisikii. Kazi yenyewe ni kuisikia."

Daktari alitikisa kichwa polepole. "Mlio huu, mzee wangu, hauko nje. Watoka ndani ya sikio lenyewe. Sikio lililoumizwa na kelele zamani, siku moja huanza kulia peke yake. Huenda huo wako ulianza taratibu, na ndege zilipopita ukautambua. Dawa yake hatuna. Twaweza kukupa kifaa kikusaidie kusikia watu."

"Kwa hivyo ile ndege haikuwa na kosa," Baba alisema.

"Hilo mimi siwezi kulisema."

Daktari alituambia pia kwamba waliostaafu jeshini hutibiwa katika hospitali ya jeshi, tena kwa jambo la kazini kama hili, na vifaa vya masikio hupatikana. Akauliza kama ana kadi. Baba alisema hana. Akauliza kama ana cheti cha kuondoka jeshini. Baba alisema hana, na akaanza kufunga vifungo vya koti. Bei ya kifaa cha dukani nilikuwa nimeiona kwenye karatasi pale mapokezi, kwa hiyo sikuuliza.

Njiani alitazama nje ya dirisha la matatu mpaka tulipofika nyumbani. Nilidhani anafikiria sikio lake. Kumbe alikuwa anafikiria barua.

"Watakuwa wameifungua injini," alisema. "Unajua kuifungua ile injini ni kazi ya siku ngapi? Watu wangapi? Na hawakukuta kitu. Kwa sababu yangu."

Ningeweza kumwambia kwamba sidhani kuna mtu aliyefungua hata bahasha. Nilijaribu kuyapanga maneno hayo kwa upole, na kila nilivyoyapanga yalikuwa mabaya zaidi. Kwangu ilikuwa wazi hakuna aliyemsikia. Kwake, kikosi kizima kilikuwa kimekesha na spana kwa sababu ya neno lake, na aibu hiyo ilikuwa ndiyo heshima ya mwisho aliyobaki nayo.

Alitaka barua ya pili, ya kuomba radhi. Nikaiandika kama alivyosema. Safari hii nilikwenda peke yangu. Langoni palikuwa na askari mwingine, binti wa umri wangu.

"Hii inahusu nini?"

"Inahusu barua nyingine iliyoletwa Desemba."

"Barua gani?"

Nilieleza kidogo, nikaacha. Aliipokea kwa adabu, akaiweka juu ya daftari la wageni. Nilipofika nyumbani Baba aliuliza walisemaje. Nikamwambia wamesema hakuna tatizo, kwamba ilikuwa vizuri alivyowaarifu. Alinifanya nirudie kwa sauti. Nikarudia.

Alirudi kazini. Mota za draya aliacha kuzisikiliza, akawa anaziwekea kiganja na kuhisi mtetemeko. Wasusi walizoea kupaza sauti. Wengine walizoea vibaya, wakawa wanamtania akiwa hapohapo, na yeye anatabasamu akidhani anasalimiwa. Niliwahi kugombana na mmoja wao, na haikusaidia chochote.

Mwaka mmoja au miwili baadaye magazeti yaliandika kwamba serikali inataka kununua ndege nyingine za kivita, zilizokwisha kutumiwa na nchi nyingine, za aina ileile aliyoijua yeye. Wengine walipinga, wengine walitetea, na wachora katuni walipata kazi ya wiki nzima. Nilimletea gazeti nikidhani atakasirika. Alivaa miwani akasoma ukurasa ule wote, akarudi mwanzo, akausoma tena kidole kikifuata mstari. Kisha akatoka nje kuoga, ingawa ilikuwa Jumapili jioni na alikuwa ameoga asubuhi, na aliporudi alikuwa amenyoa ndevu.

"Hizi si ndege za kufundishwa vitabuni," aliniambia kwa ile sauti ya juu ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe. "Watahitaji watu wanaozijua."

Mama alikuwa jikoni, akaacha kukata sukuma wiki.

"Ndiyo, Baba," nilisema.

Hakusikia. Akaniomba nirudie.