Muuza mboga wa Temanggung aliyeituliza injini yake mwenyewe

Jumapili, saa tisa alasiri, Suprapti anavuta kigoda, anakaa ubavuni mwa pikipiki yake na kuweka kiganja juu ya silinda. Imepoa. Hajaiwasha tangu arudi kutoka sokoni saa nne asubuhi, kwa kuwa uwazi wa valvu haupimwi injini ikiwa ya moto.

Anafungua vifuniko viwili vya tapeti, skrubu zinazorekebisha uwazi huo. Anaingiza spana upande wa kushoto wa injini na kuzungusha taratibu mpaka herufi T ilingane na alama kwenye kasha. Kisha anazitikisa kwa kidole roka, vyuma viwili vinavyosukuma valvu, moja baada ya nyingine. Zote zinacheza.

"Zikicheza zote mbili, ujue pistoni iko juu na valvu zimefunga," anasema. "Ukikuta moja imekaza, umekosea. Zungusha tena raundi moja. Usibishane na chuma."

Anapitisha bati la kupimia, jembamba kuliko ukucha. Upande wa ekzosi linapita bila kugusa kitu. Analegeza nati, anagusa skrubu kidogo, anakaza, anapima tena. Safari hii bati linapita likikwaruza kidogo. Ndivyo anavyotaka.

Prapti, kama wateja wanavyomwita, ana umri wa miaka 46. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akiuza mboga kwa pikipiki katika mitaa ya Temanggung, mji wa milimani nchini Indonesia. Matenga mawili ya mianzi hukaa nyuma yake, yamejaa kabichi, tempe za soya, tofu na pilipili, na pembeni huning'inia vifuko vya samaki wakavu. Siku nzuri humwachia faida ya rupia 80,000. Mumewe, Ngatiman, anachomelea vyuma katika kisiwa cha Batam na hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, wakati wa Idi.

Hadi mwaka jana, kazi yote ya Prapti kwenye injini ilikuwa kumwaga oili.

Kelele ilianza kidogokidogo. Kwanza mgongano mwembamba juu ya silinda, halafu mkwaruzo wa cheni ndani, halafu mlipuko kwenye ekzosi kila alipoachia mafuta. Mwezi wa Agosti, Mzee Hardoyo, mwenyekiti wa mtaa wa Griya Melati, alimsimamisha getini saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mke wake alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kichwa.

"Mama Prapti, mke wangu hupata usingizi baada ya swala ya alfajiri," alimwambia. "Anaupata, wewe unapita, anaamka analia. Kila siku."

"Nitaipeleka kwa fundi, Mzee."

"Nakupa wiki mbili. Baada ya hapo, mboga utuuzie kule barabarani."

Griya Melati ina nyumba sitini, zaidi ya nusu ya wateja wake. Kule barabarani, kila duka lina mboga.

Aliipeleka kwa Gito, fundi wa karibu na soko. Gito alifungua vifuniko, akakaza tapeti, akawasha. Injini ilikuwa kimya. Prapti alilipa, akaondoka amefurahi.

Furaha ilidumu siku tano. Injini ikipata moto ilipoteza nguvu, na mlima mdogo wa kwenda sokoni ukawa wa kusukuma. Asubuhi ya sita ilikataa kuwaka. Alipoirudisha, Gito alikuna kichwa.

"Mama, hii inataka hedi mpya, kichwa chote cha silinda. Laki tisa. Niachie siku nne."

"Si ulisema imepona?"

"Ilikuwa imenyamaza," alijibu Gito. "Kupona ni habari nyingine."

Baadaye Prapti alielewa kilichotokea. Tapeti zilikazwa mno, valvu ya ekzosi ikawa haifungi sawasawa, ukingo wake ukaungua. "Injini yenye afya husikika kidogo," anasema. "Inayonyamaza kabisa, iogope."

Siku nne bila kuuza hakuwa nazo. Alimpigia mumewe simu.

"Mama Wening, usiiguse hiyo mashine," Ngatiman alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao. "Ukiifungua, utaipeleka kwa fundi ndani ya gunia."

"Gunia ninalo," alimjibu.

Alinunua valvu ya ekzosi, ringi za pistoni, gasketi na kopo dogo la dawa ya kusagia valvu. Vyote havikufika rupia 300,000. Spana aliazima kwa jirani. Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri alianza kufungua, akitazama video za mafundi na kupiga picha kila hatua kwa simu. Vipande alivipanga kwenye ungo kwa mpangilio wa kutoka. Boliti alizichomeka kwenye kipande cha boksi, kila moja na namba yake.

Juu ya pistoni kulikuwa na masizi mazito. Aliyakwangua kwa kijiti cha mwanzi, asije akakwaruza. Valvu mpya aliisaga kwenye kikalio chake kwa mkono, akamimina petroli kwenye tundu la ekzosi na kusubiri. Petroli ilivuja. Akasaga tena. Ilivuja tena, safari hii kidogo tu. Mara ya tatu ilikaa.

Kilichokaribia kumharibia kazi ni haraka. Ijumaa jioni, alipokwisha kufunga hedi, alizungusha injini kwa spana na kuhisi kitu kimegota ndani.

"Mkono ulisimama wenyewe," anakumbuka. "Nilikaa pale nimeshika spana, sitaki kwenda mbele wala nyuma. Nikaona bora nilie kwanza."

Alilia, kisha akafungua tena na kulinganisha na picha. Cheni ya taimingi, inayofanya valvu na pistoni zipishane, ilikuwa imeruka jino moja. Angepiga kiki, pistoni ingegonga valvu na kuzipinda. Aliipanga upya, akabadilisha springi ya kikaza cheni iliyokuwa imechoka, na kwenye shingo ya ekzosi akaweka gasketi mpya ya shaba. Milipuko ilikuwa ikitokea hapo.

Jumamosi asubuhi iliwaka kiki ya tatu. Alimpigia Ngatiman, akaisogeza simu karibu na injini.

"Mbona sisikii kitu?" mumewe aliuliza. "Iwashe basi."

"Imewaka."

Ngatiman akamtaka aisogeze simu karibu zaidi.

Ila Jumatatu, Griya Melati nzima, walitoka wanawake wanne tu. Jumanne watano. Tempe zilimchachia. Siku ya tatu alimkuta Bi Lastri, mteja wake wa miaka mingi, amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Wewe dada, siku mbili umetususa?"

"Nimepita kila siku."

"Umepita na nini, na ungo? Mimi nilikuwa nakusikia ukiwa bado kona ya msikitini, naweka maji jikoni, natafuta pochi."

Prapti, ambaye anakiri hakuwahi kunadi mboga kwa mdomo, ilimbidi ajifunze. Siku ya kwanza aliita kwa sauti ndogo, watoto wakamcheka. Sasa huita mara mbili kila kona, isipokuwa mbele ya nyumba ya Mzee Hardoyo. Pale hupita kimya, na mzee mwenyewe hutoka na kikapu. Mkewe, anasema, siku hizi hulala mpaka saa mbili.

Gito naye amekuja mara moja kuisikiliza. Aliinama, akatega sikio. "Nani amekufungia?" aliuliza. Alipojibiwa, alinunua pilipili za elfu tano na kuondoka.

Ringi mpya zimekwisha kukaa sawa ndani ya silinda, na Prapti anataka kuanza kupanda Karangsari, kitongoji cha nyumba ishirini na moja mlimani, ambako hakuna muuzaji anayefika. Wiki iliyopita alipanda kwa miguu kuuliza wanataka nini. Walimtajia tofu, samaki wakavu na sabuni ya kufulia.

Bibi mmoja aliitazama ile njia ya mawe, akamtazama na yeye.

"Pikipiki yako itafika huku?"

"Itafika, Bibi."

"Ikikufia njiani?"

"Nitakaa chini niifungue," Prapti alimjibu. "Nyie wekeni maji jikoni."