Nilipigilia Mzinga, Mtaa Mzima Ukakimbia

Sitamsingizia askari, wala sitamsingizia shetani. Ni mimi! Nyundo ilikuwa mkononi mwangu na ukaidi ulikuwa kichwani mwangu. Nimekaa na jambo hili mpaka limenichosha roho. Leo nalitoa, mnicheke mnavyotaka.

Naishi mji wa Baraka, kando ya ziwa, ng'ambo ya Tanzania. Marehemu baba alikuwa akitundika mizinga ya magogo huko juu milimani, nami nimekua nikilamba asali. Vita vikafunga njia. Wenye bunduki kila kona, nani apande huko kufuata nyuki? Nikajiambia nitengeneze mzinga wa mbao, nifuge nyuki uani kwangu.

Mke wangu, Mama Faida, hakutaka hata kusikia.

"Baba Faida, weye iko na wazimu? Nyuki na batoto mu lupango moja! Mi sitaki. Zikiuma mutoto, utasema nini?"

Nikasema sawa, ua ubaki wa watoto, nimeacha. Uongo mtupu! Nikaendelea kwa siri nyuma ya jiko. Jamani, mbao zile! Zilitoka kwenye mtumbwi mbovu, zimepinda. Ukisawazisha upande huu, upande ule unaachama. Msumeno butu. Nilitukana mpaka nikajionea haya. Mwishowe nikavifunga vipande kwa kamba, ikabaki kupigilia misumari na kifuniko cha bati.

Hapo ndipo penye kosa. Mtaani kwetu tulikuwa na sheria yetu wenyewe. Watu walikuwa wamechoka kukimbia. Sufuria ikianguka tu, mama ameshafunga mtoto mgongoni. Kwa hiyo mwenye kazi ya kugonga alipaswa kwanza kuzunguka nyumba kwa nyumba: "Leo tunagonga, musiogope." Hata kengele ya kanisa tuliinyamazisha.

Mimi ningezungukaje? Majirani wakijua, Mama Faida angejua jioni hiyohiyo. Nikanyamaza.

Siku alipoenda ziwani kufua, pamoja na watoto, nikafunga mlango wa ua nikaanza. Nilitaka nimalize kabla hajarudi, basi nikapiga harakaharaka bila kupumua. Msumari juu ya bati, mnajua unavyolia! Pa! Pa-pa-pa!

Mara nikasikia mwanamke anapiga kelele barabarani: "Bamefika! Bamefika! Mukimbie!"

Mnajua nilifanya nini? Nikatupa nyundo, nikakimbia na mimi! Haki ya Mungu! Nilikwenda mpaka kwenye shamba la mihogo, nikalala kifudifudi, nikisubiri risasi. Hazikuja. Zingetoka wapi, na nyundo iko chini uani kwangu? Hapo nikatambua: risasi walizozisikia zilikuwa nyundo yangu.

Nikashuka ziwani mbio. Nguo zetu zilikuwa juu ya mawe, bado zina povu. Mvuvi mmoja mzee akaniambia, "Bibi yako amepanda boti na batoto. Bameenda ng'ambo."

Ningesema palepale, labda boti nyingine ingewafuata. Sikusema! Watu walipoanza kurudi, kila mmoja alikuwa amewaona askari kwa macho yake. Jirani yangu akaapa kwamba risasi ilipita juu ya kichwa chake, akaonyesha na mahali ilipopita. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Mjinga mimi!

Kisha mapigano ya kweli yakaja, boti zikasimama. Mke wangu akabaki kambini, upande wa Tanzania. Kulipotulia nikamtumia ujumbe arudi. Akajibu kwamba hawezi kurudisha watoto mahali ambapo risasi zinalia mchana kweupe. Mdogo wetu, naambiwa, hakumbuki sura yangu.

Na ule mzinga? Nyuki waliingia. Wakajaa! Mzinga uliopinda, wenye nyufa, uliovunja nyumba yangu, nyuki wameupenda. Nimekula asali yake peke yangu.

Juzijuzi nikampa Mama Riziki bidoni moja, dumu zima la asali hiyo. Ni mama anayeuza vitenge, anavuka na boti. Nilimwomba ampelekee mke wangu. Jana amerudi.

"Bibi yako anashukuru, asali iko tamu sana," akaniambia. "Alafu anauliza, ule muzinga nani alitengeneza? Na alipiga misumari siku gani?"

Mama Riziki akaniuliza kama nina homa.

Mama Faida ananijua, jamani. Anajua milimani hakupandwi, kwa hiyo asali hii ni ya mzinga wa uani. Bidoni moja ya asali imemtosha kuelewa yale ambayo mtaa mzima haujaelewa mpaka leo.

Boti inaondoka kesho. Nimemwambia Mama Riziki apite kwangu kwanza, nimpe jibu kwa mdomo wangu: ni mimi, ni siku ileile, na hapakuwa na askari hata mmoja. Atarudi au atakataa kabisa, sijui. Naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mihogo.

Nanyi mnaosoma, nawasihi. Kama mnaishi mahali ambapo masikio ya watu yamechoka, msigonge msumari hata mmoja kabla ya kuzunguka nyumba kwa nyumba. Na mkizunguka, anzeni nyumbani kwenu.