Kadena ku mulango ya mufalme

Rafiki yangu, kuya karibu, ikaa. Hii habari siambiake mutu mwenye siamini. Ni habari ya muchezo, lakini damu iko ndani.

Muchezo yenyewe inaitwa eshek, ile sataranji. Nilijifunza ku masomo ya mangaribi, pale siye wamama tunasoma kiisha kazi. Mwalimu alikuwa analeta ubao juu tupumzishe kichwa kiisha hesabu. Kuko mufalme, kuko askari mbele yake, kuko malkia, kuko ture, ule munara, ku pembe, na kuko farasi, njo yenye inaruka juu ya wengine. Ukimukamata mufalme ya mwenzako pa fasi hawezi tena kutoka, umemuua.

Nilishika muchezo mbio. Miezi ya kwanza nilipiga wamama wote ya darasa, nikasema Mungu amenipa kipaji. Halafu nikakwama. Jirani yangu hapa mujini, ku mutaa yetu ya Rwambuzi, mujane mwenye anauzisha makala ya kupikia, ni mukubwa kwangu, namuita yaya. Yeye alikuwa ananichinja. Kila jioni ku baraza yake, vidole vyeusi ya makala vinashika farasi, paa! Nimekufa.

"Mama Mapasa, weye tena!" Anacheka mupaka anakohoa. "Kila siku unakufa kifo ileile. Hauchoke?"

"Nichinje polepole, yaya, watoto wanaangalia."

"Polepole ni ya kuku ya pasteri!"

Nilikariri mambo yote ya mwalimu. Niliomba, hata nikafunga kula. Hakuna kitu. Mwaka muzima niko palepale: naweka mufalme yangu ku pembe, askari mbele, ture ubavuni, naziba kila tundu. Halafu farasi yake inaruka juu ya ukuta yangu, na mufalme hana tena pa kukimbilia. Watu yake mwenyewe wamemuziba.

Siku moja binti yangu, dada mukubwa wa pacha wangu, wale mapasa, akaangalia ubao, akasema, "Mama, ile njo nyumba yetu ya kijiji."

Nikatupa ubao. Vipande viliruka mupaka mu barabara. Nikainua mukono nimupige kofi, nikaona kovu ya moto ku mukono yake. Mukono yangu ikabaki juu.

Unajua desturi yetu, rafiki. Masasi ya bunduki ikilia, tunajifungia mu nyumba, mutu moja anatia kadena inje, ile kofuli kubwa, juu adui aone hakuna mutu ndani. Kule kijiji, asubuhi ile, tulifanya vile. Shemeji akatufungia, akakimbia porini. Bwana yangu akapigilia misumari ku dirisha. Halafu pacha moja akakohoa. Watu ya mapanga hawakuhangaika hata na mulango. Moja akasema inje, "Wako muzuri humo," wakatia moto ku manyasi ya paa. Bwana yangu akapasua ukuta ya udongo na jembe, akasukuma watoto inje, akanisukuma mimi. Paa ikamuangukia. Nilisikia sauti yake, kisha sikuisikia tena.

Kesho yake nikarudi kwa yaya. Vile mufalme yangu alifika ku pembe, nikasukuma askari moja ya mbele yake hatua moja tu. Tundu kidogo.

"Unapoteza wakati," yaya akasema.

Farasi ikaruka. Mufalme yangu akatoka kupitia lile tundu. Farasi ikabaki ndani kwangu inatafuta njia, nikaizunguka, nikaiua. Kisha nikakula malkia yake. Kisha nikamukaba mufalme yake koo mupaka yaya akasukuma ubao.

"Nani amekufundisha?"

"Marehemu bwana yangu."

Yaya hakucheka.

Vile nilifika kwangu, nikasimama inje, nikaangalia nyumba. Mulango moja. Dirisha ya vyuma. Kadena imening'inia. Na watoto yangu tatu ndani. Nikaomba mwenye nyumba mulango ya nyuma. "Unataka kuita wezi?" akasema. Basi nikachukua jembe, nikapiga ukuta ya nyuma mimi mwenyewe. Mwenye nyumba alikuya, akanitukana mupaka mate inamuruka. Nilipiga tu. Kila pigo nilitaja jina ya Bwana Mungu, na matofali mabichi yakapasuka.

Ikafika siku ya Mungu, jua kali, tumetoka ku kanisa, tuko tunakula. Masasi ikaanza ku avenue yetu. Yaya akaingia mbio, kadena mukononi.

"Laleni chini! Nawafungia!"

"Hapana, yaya! Tupa hiyo kitu, pita nyuma!"

"Watatuona!"

"Farasi imesharuka, yaya! Toka!"

Nikamuvuta na kikwembe yake ya kiunoni. Mapasa wakapita, binti, yaya, mimi wa mwisho. Tukaanguka matumbo chini mu shamba ya muhogo. Nilisikia mapanga inapasua mulango yangu, masasi inaingia mu godoro yetu. Mutu akatukana: "Hakuna kitu humu!" Wakavuka barabara. Kule ng'ambo, fundi wa nguo alikuwa ndani, muke wake amemufungia kadena kwa inje. Wakavunja. Muzee muzima, mvi kichwani, alilia mama yake, na panga ikakata kile kilio. Binti yangu aliuma mukono yake, ule wenye kovu, juu asipige kelele.

Tulizika fundi kesho yake. Muke wake alikuwa bado amekamata ufunguo. Hakuna mwenye aliweza kumufungua vidole.

Yaya alitupa kadena yake mu choo. Tunacheza bado, ananipiga, namupiga.

Rafiki, usibaki na hii habari peke yako. Ambia mutu wa Marabo, ambia mwenye anakwenda soko ya Ariwara, ambia wenzako mukitoka ku kanisa: usimufungie jirani yako kadena. Chukua jembe, umusaidie kupasua ukuta ya nyuma. Leo, wakati masasi bado haijalia.